Rangi Nyekundu Juu ya Kutu Nyekundu

Watu wa Keroka wanapenda gari kutoka juu. Mtu ataosha pikapu yake Ijumaa nzima ndio Sabato imkute anameremeta, atapaka tairi dawa mpaka ziwe nyeusi kama chini ya sufuria, atatundika kitu cha kunukia pale kwa kioo, halafu muulize kama amewahi kuinama aangalie chini. Hajawahi. Huko chini kutu inakula polepole kama mgeni mwenye adabu, na siku itamaliza sahani, huyo bwana ataenda kwa majirani kusema amerogwa.

Bosibori ndiye alikuwa anaishi huko chini. Miaka sita, gereji ya Duke, nyuma ya mahali lori zinapumzika, mgongo juu ya katoni na uso unaangalia matumbo ya magari ya watu. Mwanamke peke yake kati ya mafundi tisa. Kazi yake ilikuwa kutu: kukwangua, kupiga msasa, kupanguza na thina, kupaka ile rangi ya kwanza nyekundu ya kuzuia kutu. Baada ya hapo ndio wengine wanakuja na rangi yao nyeusi na majivuno yao.

Alijulikana kwa kidole. Anafunga macho, anapitisha kidole cha kati juu ya chuma, anakwambia hapa bado, hapa tayari, hapa welda alikudanganya. Hicho kidole hakikuzaliwa gereji, kilitoka Tabaka kwa mawe. Huko wanaume wanachonga yale mawe laini, vifaru na vikombe na mabakuli ya kuwekea watalii hewa, halafu wanawake wanakaa na beseni la maji wanapiga msasa mpaka jiwe linakuwa kama shavu la mtoto. Bosibori alianza kupiga msasa kabla ya kujua kusoma, na kusoma kwenyewe hakukuendelea mbali. Akaolewa Masimba. Mume akaenda Eldoret kutafuta kazi, akapata kazi na bibi wiki moja, mtu wa bahati huyo. Bosibori akabaki na Sharon mgongoni na hicho kidole.

Wiki ya kwanza pale gereji alifanya kosa ambalo ni mtu wa mawe tu anaweza kulifanya. Alipewa mlango wa pikapu, akaukwangua mpaka ukang'aa, halafu akaleta beseni la maji akaupiga msasa mbichi vile mama yake alimfundisha. Jioni mlango ulikuwa kama kioo. Asubuhi ulikuwa mwekundu wote. Jiwe linapenda maji, lakini chuma kitupu kikiguswa na maji usiku mmoja kinaota kutu kama mkate unavyoota ukungu. Mafundi walicheka mpaka mwisho wa mwezi. Wakamwita Mama Mawe.

Bosibori alichukua sheria moja akaiweka kichwani, sheria ambayo wale tisa na vyeti vyao hawakuwa nayo: chuma ukikivua nguo, kivishe siku hiyo hiyo. Unachokwangua asubuhi, kipake rangi kabla ya mvua ya saa nane. Na pande hizi mvua ya saa nane haiulizi mtu. Inakuja tu, kama mwalimu mkuu akisikia kelele darasani.

Basi ikaja lori ya Jitendra.

Jitendra ana duka la misumari na mabati Kisii mjini, duka la babu yake. Mtu mwembamba, kalamu mfukoni, hacheki ovyo. Hiyo lori ilikuwa Bedifodi ya zamani, ile babu alikuwa anapeleka nayo mafuta ya taa na majembe mpaka Kenyenya, wakati barabara ilikuwa tope tupu na watu wanasukuma wakiimba. Ilikuwa imelala nyuma ya bohari miaka na miaka, kuku wanataga kwa kiti cha dereva. Sasa Jitendra alitaka itembee tena. Injini ilikuwa kwa fundi mmoja, kabini kwa mwingine. Chesisi, yaani ile mifupa mirefu ya chini inayobeba kila kitu, aliileta Keroka kwa sababu alisikia kuna mama mwenye kidole.

"Juu wananitengenezea," alimwambia Bosibori, sio Duke, na Duke alikuwa amesimama hapo hapo. "Chini ndio naogopa, mama. Kabini natafuta ingine. Hii chesisi ikiisha, lori imekufa. Hakuna ingine Kenya hii."

"Haijaisha," Bosibori akasema, kidole kikitembea. "Ngozi ndio imeoza. Mfupa uko. Nipe wiki mbili."

Duke hakupenda. Duke ni wale watu wanapenda kusalimiwa kwanza. Alikuwa na gereji, alikuwa na kofia ya gereji, alikuwa na ukurasa wa gereji kwa simu wenye picha zake mwenyewe akishika spana ambazo hazishiki siku nyingine. Jitendra akishaenda alimwita Bosibori kando.

"Mama Sharon, nisikie vizuri. Hii kazi ikitoka safi, ile kona ya kontena ni yako. Weka meza, weka rafu, andika jina lako kwa mlango. Ikiharibika, unarudi kwa mawe yako. Hakuna ya tatu."

Hiyo kona Bosibori alikuwa ameipigia hesabu miaka sita. Ilikuwa kavu. Ilikuwa na kufuli. Fundi mwenye kona haitwi Mama Mawe, anaitwa fundi, na wateja wanamtafuta yeye bila kupitia kwa kofia ya mtu. Akakubali.

Akaanza vile anajua. Kila asubuhi anachukua kipande cha hatua mbili, anakikwangua, anakipanguza, saa sita amekipaka nyekundu, saa nane mvua inyeshe ipendavyo. Siku ya kwanza kipande, ya pili kipande. Siku ya tatu, Alhamisi, Duke akapita na chapati mkononi.

"Hii ni kazi ama ni kulisha kuku? Kidogo kidogo, kidogo kidogo."

"Ni kazi."

"Kesho nampa Job grainda mbili. Tunavua yote siku moja. Nataka picha ya chesisi yote ikiwa nyeupe, kutoka mbele mpaka nyuma. Watu waone."

"Ukivua yote utaivisha saa ngapi? Kesho ni Ijumaa, Duke. Jua likizama wewe unafunga."

"Nitapulizia na kompresa. Saa moja tu, imeisha."

"Na stima ikipotea?"

Duke akatafuna chapati yake akimwangalia kama mtu anaangalia mbuzi aliyeuliza swali. "Wewe unaongea kama umeme ni wa mama yako. Kwani nani mwenye gereji?"

Kwa mtu mjinga, hilo swali ndilo linamaliza kila mjadala.

Ijumaa Job alikuja na grainda zake. Job, mmoja wa wale tisa, ni fundi mzuri wa kelele. Ukimpa chuma na brashi ya waya atakitoa mpaka roho, hajali kesho, akimaliza anaenda kunywa chai. Mpaka saa saba chesisi yote ilikuwa uchi, hata vile vipande vitatu vya Bosibori vilivyokuwa vimepakwa tayari walivivua tena ndio rangi ifanane kwa picha. Nisamehe Mungu, iling'aa. Duke akavaa kofia, akaweka viganja vyote viwili juu ya chuma, na jasho lake lote, akapigwa picha kumi na moja. Akaituma ile bora kwa Jitendra: "Kazi inaendelea vizuri, karibu Jumapili saa nne."

Saa nane kasoro, ngurumo ya kwanza. Stima ikaenda nayo.

"Tupake na brashi," Bosibori akasema. Tayari alikuwa amefungua mkebe. "Tuko watu kumi na moja. Kila mtu hatua moja. Saa kumi tumemaliza."

"Brashi ni ya ukuta."

"Duke."

"Nimesema hii ni kazi ya picha. Brashi inaacha mistari. Stima itarudi."

Wakangoja stima. Wanaume kumi wazima wamekaa kwa tairi kuukuu wakingoja stima kama vifaranga wanangoja mama, na mvua inapiga mabati, na hewa imekuwa nzito ya maji mpaka ukuta unatoa jasho. Saa tisa, hakuna. Saa kumi, hakuna. Mara mbili Bosibori alichovya brashi, na mara mbili Duke alimtoa brashi mkononi. Saa kumi na moja unusu Duke akaangalia saa, akaangalia mbingu, akakumbuka Mungu.

"Tunafunga. Sabato inaingia."

"Niache ndani na funguo," Bosibori akasema. "Mimi ni Mkatoliki. Sabato yangu ni keshokutwa."

"Geti ni langu, sio la Papa. Wazee wa kanisa wanapita hapa. Wakisikia msasa ndani ya boma langu Jumamosi, nitasema nini?"

Halafu akafanya kile kitu. Alichukua karatasi kubwa ya nailoni iliyotoka kituo cha kununua majani chai, bado ina maji ya majani kwa mikunjo, akafunika chesisi yote, akazungushia kamba, akapigapiga mikono kuonyesha ameokoa nchi.

"Hapo mvua haigusi," akasema.

Bosibori alisimama akiangalia. Kila mtoto wa Kisii anajua ukitaka ndizi ziive haraka unazifanya nini: unazifunika, unabana, joto na unyevu vinabaki ndani, siku mbili zimekuwa tayari. "Hiyo umeivisha," akasema. "Itoe nailoni, Duke. Afadhali ikae wazi ipate upepo."

"Mama Mawe ananifundisha chuma," Duke akawaambia wengine, na wengine wakacheka kwa sababu yeye ndiye alikuwa analipa.

Jumamosi saa tano Bosibori alikuwa nje ya kanisa la Wasabato, amevaa leso juu ya suruali ya gereji, amesimama kwa jua katikati ya watu wamependeza. Walikuwa wametoka kwa somo, bado mahubiri. Duke alikuwa mlangoni na suti ya kijivu, akigawa tabasamu. Akimwona, tabasamu ikakwama kama droo mbovu.

"Unataka nini hapa?"

"Kufuli tu. Sitagusa msasa. Nifungue ile nailoni, nipanguze, niondoke."

"Hiyo ni kazi."

"Na kutu haijui ni Sabato. Yenyewe inafanya kazi saa hii."

Mama yake Duke, Nyakerario, shemasi mkubwa pale, mwanamke mzee mwenye sauti ya kukata kuni, alikuwa amesikia. Akasogea. Akauliza ni nini. Bosibori akamwambia yote, na picha kumi na moja akazitaja. Mzee akamgeukia mtoto wake.

"Ijumaa ni siku ya maandalio. Maandalio, Duke. Mungu alimaliza mbingu na nchi na samaki wote siku sita, wewe umeshindwa na lori moja isiyo na injini."

Watu wawili watatu wakakohoa kuficha kicheko. Duke akaangalia viatu vyake.

"Lakini geti halifunguliwi," Nyakerario akamwambia Bosibori, bila ukali. "Ujinga wake hauwezi kuvunja Sabato ya Mungu. Akae nao mpaka jua lizame, aone ladha yake." Akaingia ndani, na mtoto wake nyuma kama mkia.

Bosibori akarudi barabarani. Alikuwa na namba ya Jitendra kwa simu. Alitoa simu, akafika mpaka kwa jina, kidole chenyewe kile kikiwa juu ya jina. Angepiga, Jitendra angekuja na gari lake kutoka Kisii, na huyo mwenye mali angesema geti lifunguliwe, sijui ingekuwaje. Hakupiga. Akarudisha simu mfukoni. Alitaka kuona uso wa Duke Jumapili, hiyo nailoni ikitoka. Hasira ilikuwa tamu, na mtu akipewa kitu kitamu baada ya miaka sita ya uchungu hawezi kukitema haraka.

Jumamosi jua lilizama na Duke hakuja kufungua geti. Na Jumapili Bosibori aliuona huo uso. Misa aliiruka. Saa moja asubuhi geti likafunguka, kamba ikakatwa, nailoni ikavutwa, na hewa ya moto ikatoka kama kwa sufuria ya ugali. Chesisi ilikuwa nyekundu kutoka mbele mpaka nyuma. Kutu laini, ya unga, imelala sawasawa kama mtu aliichunga na kichujio. Pale Duke aliweka viganja akipigwa picha, jasho lilikuwa limekula zaidi, na viganja viwili vilikuwa vimejichora hapo, vidole kumi, hata pete.

"Imeiva," Job akasema.

Hakuna aliyecheka. Duke akaangalia mkebe wa rangi ya kwanza, akaangalia chesisi, akaangalia mkebe. Ungeona wazo likipanda uso wake kama mende ukutani.

"Stima iko?"

"Iko."

"Jaza kompresa."

"Unapulizia wapi?" Bosibori akauliza.

"Juu. Nyekundu juu ya nyekundu. Nani atajua?" Sasa alikuwa ametulia, hata akatabasamu. "Jitendra anakuja saa nne. Itakuwa imekauka. Atakuuliza wewe, maanake anaamini hicho kidole chako kama ni cha daktari. Wewe pitisha, sema tayari. Ni neno moja. Kona ni yako leo hii." Akatoa ufunguo wa kontena mfukoni, akauweka juu ya pipa, mahali Bosibori anauona.

Akapulizia. Hakukwangua hata kucha moja. Rangi ikashika kutu, zikakumbatiana, zikawa kitu kimoja kizuri chekundu bila mstari, na saa tatu na nusu ungeapa hiyo ndio kazi safi zaidi imewahi kutoka Keroka. Hapo ndipo kuna aibu ya hii kazi yote. Uongo wa juu hauhitaji fundi. Kutu ingeendelea kula huko chini ya rangi, gizani, inashiba, na miaka mitatu baadaye Jitendra angekuwa anapanda mlima wa Kenyenya na lori ya babu yake, chesisi ivunjike katikati kama muwa. Na mafundi wote tisa walijua. Walikuwa wanakunywa chai.

Saa nne Jitendra akafika. Akazunguka chesisi mara mbili, mikono nyuma.

"Nzuri," akasema. Halafu, vile tu Duke alitabiri: "Mama, kidole inasema nini?"

Bosibori akaangalia ufunguo juu ya pipa. Aliuangalia kweli, tusidanganyane. Akafikiria mvua za Masimba, na rafu za ile kona, na jina kwa mlango. Akafikiria beseni la Tabaka. Halafu akaangalia Duke, aliyekuwa tayari amejiwekea ule uso wa kupokea shukrani, na ule uso ndio ulimaliza maneno.

Akaenda kwa meza ya fundi wa umeme, akachukua tepu nyeusi. Akakata kipande cha shubiri moja, akakibandika kwa chesisi, akakisugua vizuri na ukucha, akakivuta mara moja. Rangi ilikuja nayo kama ngozi ya kiazi kilichochemka. Nyuma yake kulikuwa na unga wa kutu, mbichi, unaacha alama kwa kidole. Akampa Jitendra ile tepu mkononi.

"Kidole inasema hivyo."

Jitendra alishika ile tepu akaigeuza, akaigeuza tena. Duke akaanza kuongea, akataja stima, akataja mvua, akataja Mungu, akamtaja Bosibori kwamba ndiye mwenye kazi tangu mwanzo. Jitendra hakumwangalia.

"Wewe ulijua lini?" akamwuliza Bosibori.

"Ijumaa jioni."

"Namba yangu unayo?"

"Ninayo."

"Sasa leo ni Jumapili."

Bosibori angeweza kusema geti, angeweza kusema Sabato, na vyote ni kweli. Lakini huyo mtu alikuwa ameuliza kitu kingine, na alikuwa sawa, na hiyo ilimuuma kuliko majina yote ya mawe. "Nilitaka aanguke," akasema mwishowe. "Nikasahau ni yako."

Jitendra akatikisa kichwa, sio ya kukubali, sio ya kukataa. "Utarudia," akasema. "Yote. Na mimi nitakaa hapa nikiona."

"Sio kwa gereji yangu," Duke akasema. Akachukua ufunguo kutoka kwa pipa akaurudisha mfukoni. "Na huyu mama pia, atoke. Leo leo."

Basi akatoka. Alichukua visu vyake vya kukwangua, brashi mbili, katoni yake ya kulalia. Jitendra akaita watu wa mkokoteni na trekta moja iliyokuwa inapita, na chesisi ikavutwa nje ya geti, hatua thelathini, mpaka kando ya ua, mahali pa wazi bila paa, bila kona, bila kufuli. Mafundi tisa walisimama getini wakiangalia. Job aliinua mkono kama wa kuaga, akaona Duke, akaugeuza kujikuna.

Jumatatu alfajiri Bosibori alianza upya, hatua mbili. Jitendra alikuja na kiti cha plastiki na gazeti na mwavuli mkubwa mweusi, duka akamwachia mke wake Tara. Akakaa. Akasoma gazeti mpaka saa tano, akauliza kama huo upande wa ndani pia umeguswa. Bosibori akamwambia aje aangalie mwenyewe, ama magoti yake yamenunuliwa jana yanaogopa udongo? Akaja, akapiga magoti na suruali yake ya dukani, akaangalia kwa ndani na tochi ya simu.

"Hapa bado," akasema.

Bosibori akapitisha kidole. Ilikuwa bado. Akarudia.

Saa sita na nusu kipande kilikuwa kimepakwa nyekundu, na brashi, na mistari yake yote. Saa saba mawingu yalikuwa tayari juu ya Keroka, mapema, bila aibu. Tone la kwanza lilianguka kwa gazeti. Jitendra akasimama haraka, akafungua mwavuli, akakimbia nao, akausimamisha juu ya kile kipande cha rangi mbichi, ameushika kwa mikono miwili, yeye mwenyewe mgongo wote nje kwa mvua, kalamu inavuja mfukoni.

Bosibori alikuwa amelowa mpaka kwenye mfupa. Akamwangalia huyo mzee wa duka na mwavuli wake, akaangalia geti la Duke, ambapo wanaume tisa walikuwa wakavu wote.

"Inua kidogo," akamwambia. "Upepo upite chini."

Akainua.